Diski Haifi Kifo Kimoja: Kuokoa Data na Kuchagua Bakapu

Kijana aliyeniletea ekstano ile, yaani diski ya nje ya kuchomeka kwenye kompyuta, alikuwa ameivingirisha kwenye kanga ya mama yake na kuipakata kama yai. Ndani yake mlikuwa na picha na video za harusi tatu. Ilianguka kutoka mezani wakati inanakili, akaiokota, akaichomeka tena. Nilipoiwasha na kuisogeza sikioni ilisikika tik, tik, tik, kimya, kisha ikazima yenyewe.

"Umeichomeka mara ngapi tangu ianguke?" nikamuuliza.

Akahesabu kwa vidole. "Kaka, kama mara kumi hivi. Kuna mafundi wawili waliijaribu kabla yako. Mmoja aliiacha usiku kucha kwenye programu ya kuokoa mafaili."

Nikaichomoa palepale, na nitaeleza hapo mbele kwa nini.

Neno "imekufa" linafunika hali zisizofanana hata kidogo, na dawa ya hali moja ni sumu kwa nyingine. Programu ile ingemfaa sana mtu aliyefuta folda kwa bahati mbaya. Kwa kijana huyu ilikuwa ikimaliza kilichobaki. Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote, jiulize diski imekufa kifo gani. Jibu lake ndilo linalokuambia pia bakapu, yaani nakala ya akiba, ya aina gani ingekusaidia, maana kila bakapu hukinga vifo fulani na kuviacha vingine.

Nianze na kifo chepesi. Umefuta folda na pipa la taka ukalimwaga, au umefomati memori kadi ya kamera ukidhani picha ulishazihamisha. Diski yenyewe ni nzima. Kompyuta hukumbuka kila faili liko wapi kwa kutumia orodha maalumu, na kufuta faili kwa kawaida ni kuandika tu kwenye orodha hiyo kwamba nafasi ile sasa iko wazi. Data yenyewe haijaguswa, itakaa pale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Fomati ya haraka nayo huandika orodha mpya iliyo tupu. Fomati kamili ni habari nyingine: kwenye Windows, tangu toleo la Vista, hupita diski nzima ikiandika sifuri, na baada ya hapo hakuna cha kuokoa.

Ndiyo maana hatua ya kwanza ni kuacha kuitumia diski hiyo. Usipige picha nyingine kwenye kadi ileile. Usipakue programu ya kuokolea mafaili na kuiweka kwenye diski ileile iliyopoteza mafaili, kwani huenda ikatua juu ya picha unazozitafuta. Chomoa, peleka kwenye kompyuta nyingine, na unachokiokoa kihifadhi mahali pengine. Kuna programu mbili za bure za Mfaransa Christophe Grenier ninazozitegemea. TestDisk hujaribu kurudisha orodha iliyopotea. PhotoRec haijali orodha kabisa: inasoma diski tangu mwanzo hadi mwisho ikitafuta alama ambazo aina mbalimbali za mafaili huanza nazo. Picha ya JPEG huanza na baiti FF D8 FF, hati ya PDF huanza na %PDF. Ikiona alama inajua hapa pana faili, inalitoa. Gharama yake ni kwamba majina na folda vimepotea, utapata maelfu ya picha zenye majina ya namba na kazi ya kuzipanga ni yako. Video kubwa ambayo ilihifadhiwa vipandevipande huku na kule, mara nyingi hurudi ikiwa nusu au haichezi.

SSD, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani, imeharibu sehemu kubwa ya matumaini haya. Ndani ya SSD data hukaa kwenye chipu, na chipu hizo haziwezi kuandikwa juu ya kilichopo, lazima eneo zima lisafishwe kwanza. Ili kazi isichelewe, mfumo wa kompyuta ukifuta faili huiarifu SSD mara moja kwamba nafasi ile haihitajiki tena. Amri hiyo inaitwa TRIM. SSD nayo husafisha kwa wakati wake, wakati wewe unaendelea na mambo mengine, na ukija kusoma pale unapata sifuri tupu. Mtu aliyefuta kitu kwenye diski ya kuzunguka anaweza kuja kwangu baada ya wiki tukapata. Mwenye SSD hata baada ya nusu saa huenda amechelewa. Kadi za kamera na flashi za kawaida mara nyingi hazipokei amri hiyo, kwa hiyo kwenye hizo bado tunajaribu kwa moyo mkunjufu.

Kifo cha pili huja taratibu. Kompyuta inakwama ukifungua folda fulani, faili linanakiliwa mpaka asilimia 40 linaganda, kisha unatokea ujumbe unaokuuliza kama ungependa diski ikaguliwe na kurekebishwa. Diski ya kuzunguka hugawa data katika sekta, kila moja baiti 512 au 4,096, na hapa baadhi ya sekta zimeanza kutosomeka. Diski ikikutana na sekta ngumu hujaribu kuisoma tena na tena. Kule kuganda unakokuona ndiyo majaribio hayo.

Tafadhali usikubali lile ombi la kurekebisha. Kazi ya ukaguzi ule ni kuifanya orodha ya mafaili iwe sawa tena, na katika kufanya hivyo huandika juu ya diski na huweza kukata faili linaloonekana kuwa na kasoro. Mafaili yako si hoja yake. Juu ya hapo, saa nyingi za kusomasoma zinaichosha diski ambayo imebakiwa na pumzi kidogo. Nakala kwanza, matengenezo baadaye, tena matengenezo hufanyika kwenye nakala.

Chombo cha kutengenezea nakala hiyo ni GNU ddrescue ya Antonio Diaz Diaz. Kunakili kwa kawaida husimama kwenye jiwe la kwanza. ddrescue huliruka: inachota kwanza maeneo yote yanayosomeka kwa urahisi, inaandika kwenye faili la ramani ni wapi ilishindwa, kisha inarudi kwenye mapengo taratibu. Umeme ukikatika saa nane usiku, kesho yake inaendelea palepale ilipoishia kwa sababu ya ramani ile. Maana yake ni kwamba diski ikifa kabisa katikati ya kazi, kilicho rahisi kupatikana kishapatikana. Kwenye amri yake unataja diski unayosoma, kisha unataja unapoandika. Ukiyabadilisha majina hayo mawili umefuta diski ya mteja kwa mkono wako. Mimi huyasoma kwa sauti, kidole kikiwa juu ya skrini, kabla ya kubonyeza Enter, na sijawahi kuona aibu kufanya hivyo mbele ya mteja.

Diski nyingi hutoa dalili mapema kupitia kumbukumbu zake za ndani ziitwazo SMART. CrystalDiskInfo kwenye Windows au smartctl kwenye Linux zitakuonyesha. Angalia namba 5, 197 na 198: sekta zilizohamishwa, zinazosubiri uamuzi, na zilizoshindikana. Zikiwa sifuri ni vizuri, zikianza kupanda nakili leo. Lakini usilale usingizi kwa sababu ya hizo sifuri. Mwaka 2007 watafiti wa Google walichapisha uchunguzi wa diski zaidi ya 100,000. Waligundua kwamba diski ikionyesha kosa la kwanza la usomaji, uwezekano wa kufa ndani ya siku 60 huongezeka mara 39. Pia waligundua kwamba zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuwa na hesabu yoyote kwenye dalili nne zenye nguvu. Yaani dalili ikija iamini, isipokuja usiitegemee.

Kifo cha tatu ni cha umeme, na huku kwetu tunakijua. Umeme umekatika, umerudi kwa kishindo, diski haizunguki wala haitoi sauti, pengine kuna harufu ya kuungua. Mara nyingi ni bodi ya chini iliyoungua na sahani zenye data ni salama. Zamani fundi alitafuta diski ya aina hiyohiyo, akahamisha bodi, kazi ikaisha. Siku hizi kila diski hupimwa kiwandani na vipimo vyake vya pekee huhifadhiwa kwenye chipu ndogo juu ya bodi. Bodi ngeni huja na vipimo vya diski nyingine na vichwa vya kusomea havielewi viende wapi. Ni lazima chipu ile itolewe kwa kibunduki cha moto na kuhamishiwa kwenye bodi mpya. Kwa hiyo bodi iliyoungua usiitupe kamwe, hata ikiwa nyeusi. Na kuna ekstano ambazo bodi yake husimba kila kitu kinachopita, yaani hukigeuza kisisomeke bila ufunguo wake. Sahani ukizisoma bila bodi hiyo unapata vurugu tupu.

Sasa nirudi kwa kijana wa kanga. Hicho ni kifo cha nne, cha kimakanika. Ndani ya diski sahani huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na vichwa vya kusomea huelea juu yake kwa umbali wa nanomita chache tu. Unywele wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Diski ikianguka inapozunguka, kichwa kinaweza kugonga sahani, kupinda au kuvunjika. Ule mlio wa tik ni mkono wa vichwa unaokwenda kutafuta alama za njia, unakosa, unarudi na kuanza upya. Kama kichwa kimevunjika, kila safari yake ni msumari unaokwaruza tabaka la sumaku ambalo ndilo picha zenyewe. Kuiacha usiku kucha kwenye programu ni kuikwaruza usiku kucha.

Diski ya hivyo huzimwa na haiwashwi tena mpaka ifunguliwe katika chumba kisicho na vumbi, vichwa vibadilishwe kwa vya diski pacha, na inakiliwe mara moja. Haifunguliwi mezani chini ya feni ili tuangalie tu. Wala haiwekwi kwenye friza. Ushauri huo wa friza bado unazunguka mitaani, na mtu akiitoa diski kwenye baridi na kuiwasha, unyevu wa hewa unageuka matone juu ya sahani na kichwa kinapita majini.

Ekstano ile ilipofunguliwa na wataalamu wenye chumba hicho, sahani ya juu ilikuwa na pete inayong'aa, mahali ambapo tabaka la sumaku lilishakwanguliwa. Hakuna kilichopatikana. Harusi moja kati ya tatu ilinusurika kwa sababu wageni walikuwa wametumiana picha kwenye kundi la WhatsApp. Zilikuwa ndogo na zilizofifia, lakini bibi harusi alizichapisha hivyohivyo.

Isije ikadhaniwa kwamba kifo cha kimakanika hakina matumaini. Februari 2003 chombo cha anga cha Columbia kilisambaratika kikirejea duniani. Miezi kadhaa baadaye diski moja ilipatikana Texas ikiwa imeungua kiasi cha kutofanana na diski tena. Mhandisi wa kampuni ya Kroll Ontrack, Jon Edwards, alisafisha sahani zake, akaziweka kwenye mwili mpya, na akapata karibu asilimia 99 ya data. Ilikuwa ni ya jaribio kuhusu gesi ya xenon, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2008. Bahati ilichangia: sehemu iliyoharibika haikuwa na data. Lakini kuna jambo jingine lisilo bahati. Edwards alisafisha kwanza, hakukimbilia kuiwasha.

SSD na flashi hufa kimya, bila tik wala kukwama. Jana ilifanya kazi, leo kompyuta haioni kitu. Kinachokufa mara nyingi ni chipu inayosimamia, ambayo ndiyo pekee inayojua data ilivyosambazwa na mara nyingi ndiyo iliyoisimba. Na kuna flashi ambazo hazikuwahi kuwa hai. Madukani kuna za terabaiti 2 kwa bei ya ajabu, ndani yake mna chipu ya gigabaiti 32 iliyofundishwa kudanganya. Inapokea mafaili yote kwa utulivu, lakini yaliyovuka uwezo wake wa kweli yanapotea. Ukinunua, ijaze kabla ya kuiamini: H2testw kwa Windows au F3 kwa Linux na Mac huandika mpaka mwisho na kusoma tena.

Mpaka hapa diski ndiyo mgonjwa. Lakini kuna vifo ambavyo diski haina hatia. Mwaka 2017 nilikuwa na nakala ya kila kitu changu, kwenye ekstano nzuri, ndani ya begi moja na laptopu. Begi likaibwa kwenye daladala. Nyumba huungua. Maji hupanda. Mei 2017 virusi vya kudai fidia vilivyoitwa WannaCry viliingia kwenye kompyuta za nchi zaidi ya 150, na virusi vya namna hiyo husimba pia ekstano yoyote vinayoikuta imechomekwa.

Kwa mtazamo huo, kuchagua bakapu kunakuwa rahisi zaidi. Uliza kila chaguo: unakinga kifo gani?

Ekstano ya pili inayokaa droo ileile inakinga diski kufa yenyewe na faili kufutwa. Haikingi moto wala mwizi, na ikiwa imechomekwa muda wote haikingi virusi. RAID, ile ya diski mbili zinazoandikwa kitu kilekile kwa pamoja, inakinga jambo moja tu: diski moja kufa wakati kazi inaendelea. Ukifuta faili, linafutwa kote kuwili kwa sekunde hiyohiyo. Ni nzuri kwa ofisi isiyotaka kusimama, lakini kuiita bakapu ni kosa linalogharimu watu.

Hifadhi za mtandaoni nazo zinachanganya. Google Drive, OneDrive na Dropbox kazi yao ya msingi ni kulinganisha: kilicho kwenye kompyuta kiwe kule, kisichokuwepo hapa kisiwepo kule. Ukifuta, kinafutwa. Kinachokuokoa ni pipa lao la taka, na lina muda wake. Google Drive huliacha faili siku 30, Google Photos huacha picha iliyohifadhiwa siku 60. Mtu anayefuta picha kwenye simu ili apate nafasi, akidhani zimebaki kule, hugundua mwezi wa tatu. Nafasi ya bure ya Google ni gigabaiti 15 kwa barua pepe, Drive na picha kwa pamoja, na kwa watumiaji wa Android bakapu ya WhatsApp nayo sasa huhesabiwa humo. Ikijaa, bakapu husimama, na simu ikiibwa ndipo unakuta ya mwisho ni ya mwaka juzi.

Halafu kuna bando. Gigabaiti 500 za video kwa mtandao unaopandisha megabiti 5 kwa sekunde ni sekunde 800,000, yaani siku tisa na zaidi bila kupumzika. Kwa hiyo simshauri mpiga video apandishe kila kitu. Apandishe vile visivyo na mbadala na vilivyo vidogo: hati, vitabu vya hesabu, picha zilizokwisha kuchaguliwa, tasnifu. Mengine yasafiri kwa ekstano, kwa basi au bodaboda, na yafike haraka kuliko mtandao.

Kanuni iliyoenezwa na mpigapicha Mmarekani Peter Krogh inatosha kwa watu wengi: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikae mahali pengine. Maneno "mahali pengine" yachukulie kwa uzito. Machi 10, 2021 jengo la seva la kampuni ya OVH liliungua Strasbourg, Ufaransa, na walikuwepo wateja waliolipia bakapu ambayo ilikuwa kwenye eneo lilelile. Nyumbani kwa shangazi mtaa wa pili ni mahali pengine. Chumba cha pili si mahali pengine. Na nakala inayokaa kwa watu isimbwe kwa nenosiri, hasa kama ina taarifa za wateja au wagonjwa. Windows ya Pro ina BitLocker, na VeraCrypt ni ya bure kwa wote. Nenosiri liandikwe kwenye karatasi na lifungiwe mahali, kwa sababu hakuna fundi atakayelifungua likisahaulika.

Lipo na suala la kurejesha. Januari 31, 2017 mhandisi wa GitLab, kampuni inayohifadhi mtandaoni kazi za waandika programu, akiwa amechoka usiku, alifuta data kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye ya akiba. Alipozuia amri, kati ya gigabaiti kama 300 zilibaki 4.5. Walikuwa na njia tano za bakapu na kunakili, na hakuna hata moja iliyofanya kazi ilivyotarajiwa. Bakapu za kila siku zilikuwa zikishindwa kwa sababu ya toleo lisilolingana la programu, na barua pepe za kuonya kwamba zimeshindwa zilikuwa zikikataliwa na mfumo wa barua. Waliokolewa na nakala aliyoichukua mhandisi yuleyule saa sita kabla, kwa kazi nyingine kabisa. Wao wenyewe walisimulia yote hadharani, na nawaheshimu kwa hilo.

Kwa hiyo mara moja kila baada ya miezi mitatu huwa nachukua ekstano ya bakapu, naichomeka kwenye kompyuta ambayo si yangu, nachagua faili bila kupanga, nalifungua. Si kuangalia jina lake tu. Video naisogeza hadi mwisho, hati naishusha hadi ukurasa wa nyuma.

Kijana wa kanga sasa ana ekstano mbili za kampuni tofauti. Akirudi kutoka harusini hunakili kadi kwenye zote mbili usiku uleule, na moja hulala kwa dada yake upande wa pili wa mji. Juzi alinipitia akiwa na kadi mfukoni, hajaifomati ingawa anahitaji nafasi. "Kaka, ya pili bado sijaifungua nikaiona," akasema, akaomba kiti, akaichomeka kwenye kompyuta yangu.